Nyumba Mpya ya Kasisi na Dorcas

Accrington, 6 Novemba 2011

Binti Lowri,

Hatujuani, lakini Thelma Hargreaves wa kituo cha kuwatafutia sungura makazi amenihakikishia kwamba wewe ni mtu mzima mwenye akili zake na nyumba yako haina mbwa. Nasikia alipokuja kuikagua alipiga magoti akachungulia mpaka chini ya kochi, akitafuta nyaya za umeme. Usimchukie. Hata kwangu alifanya hivyohivyo, na mimi namzidi umri.

Keshokutwa atakuletea Kasisi na Dorcas. Kasisi ni yule mweusi mwenye ukanda mweupe shingoni, kama kola ya mchungaji wa kanisa, ndiyo maana akapewa jina hilo. Dorcas ni wa kahawia, mdogo wa umbo, na ndiye mwenye nyumba. Usidanganyike na unene wa Kasisi, huyo anatawaliwa. Wote wawili wamekwisha kufungwa uzazi, kwa hiyo usiogope kuamka na nyumba imejaa vitoto.

Karai lao la haja liweke pembeni, wala usilihamishe ukishaliweka. Chini tandika magazeti, juu nyasi kavu, nyingi. Watakula nyasi hukohuko huku wakienda haja. Usiwashangae, aibu hiyo hawana. Asubuhi wape sukuma wiki au mchunga. Karoti ni peremende, ukiwapa kila siku utawaharibu meno na tabia. Sungura akikataa kula tangu asubuhi mpaka jioni, usimsubiri, mpeleke kwa daktari.

Na hapa ndipo nataka usome mara mbili. Hawa ni jozi iliyoshikana. Wanalala ubavu kwa ubavu, wanalambana uso, mmoja akitoka chumbani mwingine hunyanyua shingo kumtafuta. Akiugua mmoja, wanakwenda wote kwa daktari, kikapu kimoja, hata kama mwingine ni mzima wa kupiga teke. Clifford, mume wangu, hilo alikuwa hafanyii mchezo. Na wala wasitenganishwe kamwe, hata kwa nia njema. Thelma ameniahidi, nawe nataka uniahidi.

Nawatoa kwa sababu nahamia kwenye chumba cha wazee ambako hakiruhusiwi kitu chenye manyoya. Ndiyo hivyo.

Usinipigie simu, sipendi simu. Niandikie.

Beryl Entwistle


Llandudno, 19 Novemba 2011

Kwako Bi Beryl,

Nakuahidi. Naliandika hilo kwanza ili usisome barua yote ukiwa na wasiwasi.

Wamefika salama. Siku ya kwanza walijificha nyuma ya jokofu nikaona masikio tu. Siku ya pili Kasisi alitoka, akaliendea karai lake moja kwa moja, akajisaidia kwa heshima zote huku akinitazama. Nimewahi kuishi na mwanamume kwa miaka mingi asiyeweza kulenga vizuri kiasi hicho. Dorcas yeye amekwisha kubandua kona ya karatasi ya ukutani. Nimemwachia, ilikuwa mbaya hata hivyo.

Nijieleze kidogo. Nafanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja hapa ufukweni. Nikirudi nyumbani mgongo hauna adabu na mikono inanuka sabuni mpaka siku ya mapumziko. Mume wangu aliondoka mwaka juzi, akaondoka na televisheni. Televisheni sijaikumbuka sana. Kilichonishinda ni ule ukimya, unafungua mlango na hakuna anayejua kama umeingia. Sasa nikifungua mlango kuna masikio manne yananyanyuka. Wewe hujui umenipa nini, mama.

Naona ulivyomwandika mumeo, kwamba alikuwa hafanyii mchezo. Ninakupa pole sana kwa msiba. Kumpoteza mtu, kisha uwatoe na wanyama wake, ni mambo mawili mazito kwa mpigo.

Lowri Tudur


Accrington, 2 Desemba 2011

Lowri mwanangu,

Asante kwa pole zako.

Karatasi ya ukutani isimsumbue mtu. Kwangu alikula mguu wa meza ya mama mkwe, na mimi nikamshukuru.

Umeniuliza kwenye kadi uliyotuma baada ya barua kwa nini Dorcas anakuja mbele ya Kasisi na kulaza kichwa sakafuni kama mtu anayesujudu. Anataka alambwe. Hiyo si heshima, hiyo ni amri. Anainamisha kichwa, Kasisi anamlamba paji la uso na macho, na asipolamba anasukumwa kwa pua. Clifford alikuwa akiwatazama jioni nzima. Akiinuka kwenda kulala alikuwa akiniambia nimwinamie na mimi nione kama nitalambwa. Mpuuzi alikuwa.

Huku baridi imeanza. Nimechoka kuliko ninavyoweza kueleza, si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe ni ileile. Barua zako zinanifaa. Ziwe ndefu.

Beryl


Llandudno, 14 Desemba 2011

Kwako Bi Beryl,

Wote wazima. Kasisi anakula vizuri. Dorcas naye anakula vizuri.

Hotelini tuna harusi na karamu za mwisho wa mwaka, mashuka hayaishi. Jana nilisinzia nimesimama mbele ya mashine ya kupigia pasi, mwenzangu akanivuta kabla sijaunguza mkono.

Kuna jambo nataka kukuuliza, si langu, ni la mwenzangu mmoja wa kazini. Naye ana sungura wawili. Ikitokea sungura waliopendana wakaanza kugombana kidogo, huwa inachukua muda gani kupatana? Na je, kuna kuumana masikio? Ananisumbua sana na swali hilo, nikasema nitakuuliza wewe mjuzi.

Halafu naona bado unaandika kwa anwani ileile. Hujahama tu? Au chumba bado hakijawa tayari?

Lowri


Accrington, 19 Desemba 2011

Lowri,

Huyo mwenzako wa kazini, jina lake linaanza na L?

Mimi nimelea sungura tangu hujazaliwa, na nimewalea watoto wa watu shuleni jikoni, nikiwapakulia chakula na kusikiliza uongo wao mchana kutwa. “Kasisi anakula vizuri. Dorcas naye anakula vizuri.” Tangu lini umewaandika mbalimbali? Barua zote ulizoniletea walikuwa “wao”. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie kilichotokea, na uniambie chote.

Mambo ya chumba changu yaache.

Beryl


Llandudno, 27 Desemba 2011

Bi Beryl,

Nimekaa na barua yako siku zote za sikukuu. Nimeshindwa kujibu kwa aibu.

Mwanzoni mwa mwezi Kasisi alianza kutoa udenda, kidevu kimelowa, sukuma anaichukua na kuiangusha. Nilikumbuka ulivyosema nisisubiri. Nilikuwa nimetoka zamu, sijalala, daktari akasema nimlete sasa hivi. Dorcas alikuwa amelala fofofo kwenye nyasi zake, amejinyoosha miguu. Kikapu chenyewe kizito na mgongo wangu unaujua. Nikasema moyoni, yeye mzima, nimsumbue ya nini kwa safari ya basi na baridi hii? Maneno yako niliyakumbuka, mama. Nisikudanganye tena. Niliyakumbuka, nikayapita.

Ni jino la nyuma lilikuwa limeota kwa ubavu na kumchoma ulimi. Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakalisaga, wakabaki naye mpaka siku ya pili. Nikamleta nyumbani kwa furaha, nikafungua kikapu.

Dorcas akaja mbio. Akamnusa. Kisha akamrukia kana kwamba nimeingiza mbweha ndani. Kasisi hakupigana, bado alikuwa na dawa kichwani. Alilaza kichwa chini mbele yake, yeye ambaye hajawahi kukilaza, na Dorcas akampasua sikio. Manyoya yalitapakaa mpaka kwenye kochi. Nilipoingiza mkono kuwatenganisha niliumwa na mimi.

Nikadhani ni hasira za siku moja. Kesho yake nikawaweka tena pamoja palepale sebuleni, yakawa mabaya zaidi. Sasa nimeweka waya katikati ya chumba. Kasisi anakaa upande wake amegeukia ukuta. Dorcas anapiga sakafu kwa miguu. Na karai, ambalo hawajawahi kulikosea, sasa wanajisaidia ovyo pande zote mbili za waya kama watu wanaowekeana mipaka.

Nilimpigia Bi Thelma. Alisema yapo mawili, kujaribu upya, kazi ya wiki nyingi, au kumchukua Dorcas na kumtafutia mwenzi mwingine kituoni. Hakunikaripia, na hilo lilinitesa zaidi. Anataka jibu mwisho wa Januari kwa sababu kuna dume mmoja aliyefiwa na mwenzake anangojea.

Nimechoka, Bi Beryl. Kuna wakati nawaza amchukue tu, angalau nyumba itulie. Halafu naona sikio la Kasisi nasikia kulia. Niliahidi kwenye mstari wa kwanza wa barua ya kwanza. Sema lolote unalotaka kusema, nastahili.

Lowri


Accrington, 3 Januari 2012

Lowri,

Nilipomaliza kusoma barua yako niliitupa kwenye kapu la makaa. Nikaitoa. Nikaandika majibu ya matusi, nikayachana. Hii ni ya tatu, na hii ndiyo ya kweli.

Mpumbavu wee. Hilo nimelisema, sasa limekwisha. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Nikueleze kilichompata Dorcas, maana unadhani amegeuka katili. Sungura humjua mwenzake kwa harufu kuliko kwa sura. Mumewe ametoka nyumbani akinuka nyasi na kitanda chao, amerudi ananuka dawa, mikono ya watu, na hofu ya wanyama wengine. Kwake yeye huyo si Kasisi. Ni mgeni aliyejificha ndani ya ngozi ya Kasisi, amekuja kukalia mahali pa mumewe. Alipompiga, alikuwa anailinda ndoa yake. Ukilielewa hilo hutaweza kumchukia.

Mimi nalielewa vizuri sana, kwa sababu hapa nyumbani kwangu mgeni ni mimi.

Clifford hajafa. Yupo hapo chumba cha mbele, namsikia anakohoa ninavyoandika. Ulipoleta pole zako sikukusahihisha. Ilikuwa raha kidogo, Mungu anisamehe, kuwa mjane ndani ya barua. Mjane watu wanamjua amepoteza nini. Wala sihami popote. Hakuna chumba cha wazee.

Alianguka kiangazi kilichopita, akalazwa hospitali muda mrefu, na alipokuwa huko akili yake, iliyokuwa imeanza kulegea, ikalegea kabisa. Aliporudi hakunijua. Hanitukani, laiti angenitukana. Ananiita “mama wa usafi”. Ananishukuru kwa chai. Kisha ananiuliza, kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima, mke wake Beryl anarudi lini. Nikimwambia Beryl ni mimi, anacheka kwa adabu, anageuka, na baadaye namkuta anafunga mlango wa chumba chetu kwa kiti ili mwanamke mgeni asiingie. Tumeoana kabla ya wazazi wako kukutana, mwanangu. Nalala kwenye kochi.

Hata sungura akawasahau. Siku moja alisema kuna panya wakubwa ndani ya nyumba, akamnyanyulia Dorcas chuma cha kuchochea moto. Clifford, aliyempa Kasisi jina, aliyekuwa akiwakatia mchunga kwenye ukingo wa reli mvua ikinyesha. Nilimshika mkono nikamwita Thelma siku hiyohiyo. Na simu siipendi kwa sababu kila ikilia anadhani ni Beryl anapiga, anainuka kuikimbilia.

Kuna binti mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii anakuja kunitazama. Mwema. Anasema kimepatikana kitanda cha Clifford katika nyumba ya kulelea wazee, Blackburn, mabasi mawili kutoka hapa. Kitanda ni kimoja. Naye anataka jibu mwisho wa Januari, naona dunia yote inataka majibu mwisho wa Januari. Nimekaribia kukubali. Mwili umekataa, Lowri. Kumwinua bafuni tu ninaona nyota.

Sasa sikiliza, nikupe kazi.

Usiwakutanishe sebuleni. Sebule ni ya Dorcas, na kila kona ina harufu ya ugomvi. Tafuta mahali ambapo si pa huyu wala si pa yule, ambapo hajawahi kukanyaga mmoja wao. Bafuni kwako panafaa. Pasugue kwa siki. Kwanza, kwa siku kadhaa, wabadilishe upande, huyu alale kwenye nyasi za yule, ili pua izoee kabla ya macho. Kisha wapeleke bafuni wote, kwa muda mfupi. Kaa nao sakafuni. Weka majani kwenye sahani moja, si mbili. Usiwasukume wala kuwabembeleza. Usimlazimishe Dorcas akumbuke, kwake yeye hakuna cha kukumbuka, anaanza na mtu mpya. Wakikaa bila kupigana, hata kama wamepeana migongo, hiyo ni siku njema, watoe kabla haijaharibika. Kesho tena.

Usimtoe hata mmoja kabla hujajaribu mpaka mwisho. Nakuomba. Sikuamuru tena.

Beryl


Llandudno, 21 Januari 2012

Bi Beryl, mama,

Sijui nianze wapi, nianzie kwako au kwao. Nilisoma barua yako kwenye chumba cha kufulia, nikakaa juu ya rundo la mashuka, msimamizi akaja akaniona akaondoka. Nimekupa pole ya mtu aliye hai. Wewe ukaipokea kwa adabu. Sina maneno ya kukupoza, na naogopa kuyatafuta, kwa hiyo nitakueleza kazi uliyonipa.

Nilisugua bafu kwa siki mpaka jirani akauliza kama napika achari. Siku ya kwanza Dorcas alipanda nyuma ya choo, Kasisi akajibana chini ya sinki, na mimi katikati nimevaa glovu za oveni. Hakuna aliyekula. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Kila nikirudi kutoka kazini nakaa kwenye vigae vya baridi na koti langu, nasinzia, nikizinduka wao wako palepale. Kuna jioni Dorcas alimrukia tena, mara moja, akang'oa manyoya ya mgongoni. Nikawatoa. Nilitaka kumpigia Bi Thelma. Nilishika simu kabisa. Nikakumbuka ulivyoandika kwamba huniamuru tena, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonizuia.

Juma hili wakaanza kula sahani moja, mmoja huku mmoja kule, bila kutazamana, kama watu wa ukoo kwenye karamu ya msiba. Nikaliita hilo siku njema.

Jana Dorcas alimaliza kula, akazunguka beseni, akaja mpaka mbele ya Kasisi, akalaza kichwa sakafuni. Kasisi hakufanya kitu. Alikaa tu, na lile sikio lake lililopona vibaya. Dorcas akabaki ameinama. Mama, sijawahi kuomba Mungu kwa ajili ya kitu kidogo namna hiyo. Miguu iliniingia ganzi nikaogopa kuisogeza. Kisha Kasisi akamlamba. Kidogo, kwenye jicho. Akaacha, akawaza, akamlamba tena.

Leo wamelala bafuni wamegusana. Sebuleni bado sijathubutu. Nimempigia Bi Thelma kumwambia yule dume mjane amtafutie mwingine.

Kuhusu Blackburn sina la kusema. Ukikubali, sitakuona mbaya hata kidogo, na asikuone mbaya mtu yeyote aliyelala kitandani kwake mwenyewe usiku. Nilitaka tu ujue walichofanya.

Lowri


Accrington, 2 Februari 2012

Lowri mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nilimsomea na Clifford. Alisema huyo msichana ana subira, na je, ni binti yangu? Nikasema karibu.

Nina jambo la kukiri nalo ni la kuchekesha. Nilipokuwa nakuandikia yale maelekezo ya bafuni, nilikuwa nakuandikia wewe tu. Nimeyarudia kichwani wiki nzima nikimsubiri huyo binti wa ofisi, na ndipo nikaanza kuyasikia. Miezi yote hii nimekuwa nikimkutania Clifford sebuleni, kwenye nyumba ya mke wake, nimevaa aproni ya mke wake, namwambia mke wake ni mimi. Angekosaje kuniwekea kiti mlangoni?

Basi Jumanne nikaita teksi. Njia ya kwenda Clitheroe kuna mahali wanauza miche na maua, wana chumba cha chai pia. Hatujawahi kwenda maishani, Clifford alikuwa akisema ni wizi wa mchana. Nilivaa koti la dada yangu. Nikamkalisha mezani, nikaenda kaunta, nikakaa huko makusudi nikizungumza na mhudumu mpaka nikaona amenisahau. Kisha nikarudi na sinia, nikamuuliza kama kile kiti kina mtu.

Alinitazama.

Akasema, “Nina mke, bibi, nikwambie mapema. Lakini kukaa unaweza kukaa.”

Nikakaa. Sikumwambia lolote kuhusu mimi ni nani. Nikamuuliza habari za mkewe, naye akanieleza mpaka chai ikapoa. Kwamba ana mdomo. Kwamba alipakulia chakula watoto wa nusu ya mji huu na wote wanamwogopa mpaka leo. Kwamba hajamwona siku nyingi, na anadhani amemuudhi kwa jambo fulani, na amejaribu kukumbuka ni jambo gani ameshindwa. Hapo nilijifanya natafuta leso kwenye mkoba. Lowri, nilidhani amenitupa. Kumbe alikuwa ananingojea muda wote, huku akifunga mlango asiingie mtu mwingine.

Tulirudi pamoja kwenye teksi, akasema ni bahati iliyoje tunakaa mtaa mmoja. Alikuwa na furaha. Alinifungulia mlango wa mbele kwa ufunguo wake, akasimama ukumbini na kofia mkononi, akaita kuelekea ndani, “Beryl! Nimekuja na mgeni.”

Nikaona anavyosikiliza.

Nikamwambia samahani nimesahau kitu, nikatoka nje, nikazunguka kichochoro cha nyuma. Sikujua kama bado naweza kwenda mbio. Kuna barafu kule, nilishika ukuta wa jirani. Nikaingia kwa mlango wa uani, nikavua koti la dada yangu nikalitupa juu ya pipa la makaa, nikaitika kutoka jikoni, kama nilivyomwitikia maisha yangu yote, kwamba nimesikia na asinipigie kelele.

Akaja mpaka mlangoni. Akanitazama, nikamwona anashusha mabega.

“Umekawia,” akasema. “Kuna mama mmoja alinisindikiza. Mpole sana. Nilitaka umpe chai.”

Nikamwambia amekwisha kwenda zake.

Akasema ni bahati mbaya, angependa tufahamiane. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaniomba nimwambie nilikuwa wapi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa tena mama wa usafi. Usidhani ni muujiza. Binti wa ofisi alipokuja nilimwambia kile kitanda wampe mtu mwingine, na kwamba wakipata viwili waniite. Akaandika. Jumanne ijayo tunakwenda tena kwenye chai ya wizi, na mlango wa uani nitauacha wazi.

Beryl